Kisu, Reli na Meza: Historia ya Hoteli za Chakula Mkoani Singida

Katika Kiswahili cha Tanzania neno hoteli lina maana mbili, na ile inayotawala mitaani si ya jengo la kulala wageni, ambalo watu wengi huliita gesti, bali ni ya chumba chenye jiko, meza na viti ambamo mtu hulipa ili ale. Neno mgahawa, lililotokana na kahawa, hubeba maana hiyo hiyo na hukumbusha kwamba kinywaji kilikuwa na nafasi yake katika kuwakutanisha watu nje ya nyumba zao. Mkoani Singida, katika nyanda kame za kati ya Tanzania, hoteli ya namna hii haikuchipuka kutoka katika desturi za mlo za wenyeji. Ililetwa na safari, ikasimamishwa na biashara, na ikapata wateja wa dini zote kwa sababu kanuni ya uchinjaji ya dini moja ilikubaliwa na watu wa dini nyingine. Historia yake hueleweka vizuri zaidi inapowekwa kando ya historia ya asasi nyingine iliyozaliwa na uhamiaji na sheria ya chakula, yaani delikatesi ya Kiyahudi ya Marekani.

Delikatesi ni neno lenye asili ya Kijerumani, linalotaja vyakula vizuri vinavyouzwa vikiwa tayari kuliwa. Wayahudi waliohamia New York kutoka Ujerumani na baadaye kutoka Ulaya Mashariki katika karne ya 19 walifungua maduka ya nyama zilizokolezwa chumvi na viungo, ikiwemo pastrami iliyofika pamoja na wahamiaji wa Romania, na mojawapo ya maduka hayo, Katz's, huhesabu miaka yake tangu 1888. Msingi wa biashara hiyo ulikuwa kosher, neno la Kiebrania la chakula kinachofaa kisheria: nyama ya nguruwe hailiwi, damu huondolewa, nyama haichanganywi na maziwa, na mnyama huchinjwa na mchinjaji aliyefunzwa kwa kisu kisicho na pengo. Kadiri vizazi vilivyopita, mengi ya maduka hayo yaliendelea kuuza vyakula vile vile bila kufuata sheria yenyewe, hata pakazuka namna iliyoitwa ya mtindo wa Kiyahudi, ambamo mteja angeweza kuletewa nyama na jibini katika mkate mmoja.

Jamii za Kiyahudi za Afrika Mashariki zilibaki ndogo. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza sehemu ya Uasin Gishu, katika Kenya ya leo, iwe makazi ya Wayahudi, na pendekezo hilo likakataliwa na mkutano mkuu wa Wazayuni mwaka 1905. Nairobi ilipata jumuiya yake ya ibada mwaka 1904. Na karibu na Mbale nchini Uganda, Semei Kakungulu alianzisha mwaka 1919 jamii ya Abayudaya, ambao mpaka leo huchinja kwa kufuata sheria ya kosher. Singida haikuguswa na mikondo hiyo, na sheria ya chakula iliyojenga meza za umma huko ilikuwa ya Kiislamu.

Kabla ya hoteli, chakula cha Wanyaturu, ambao hujiita pia Warimi, na cha jirani zao Wanyiramba, kilikuwa jambo la nyumbani. Ugali wa uwele au mtama, mlenda, maziwa ya mgando na kunde vilipikwa na wanawake, na nyama ya ng'ombe ililiwa hasa pale mnyama alipochinjwa kwa tambiko, harusi au msiba. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu alichochapisha mwaka 1970 kuhusu uchumi wa Wanyaturu wa Wahi, alionyesha jinsi nafaka ilivyobadilishwa kuwa mifugo na mifugo kuwa mahari na uhusiano wa watu; katika mpangilio huo ng'ombe alikuwa akiba ya ukoo, wala hakuchinjwa ili kuuza sahani moja moja kwa wapita njia. Mgeni alilishwa bila malipo, ingawa methali ya Kiswahili inayomruhusu mwenyeji kumpa mgeni jembe siku ya tatu yaonyesha kwamba ukarimu huo ulitazamia mgeni ajiunge na kazi ya nyumba. Msafiri wa kibiashara, asiye na ndugu mahali hapo wala siku ya kushika jembe, hakuwa na nafasi iliyo wazi katika utaratibu huo.

Wasafiri wa namna hiyo walipita kwa wingi kusini mwa mkoa wa leo katika karne ya 19, kwa kuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyanyembe, ambalo sehemu yake imo katika wilaya ya Manyoni. Hata hivyo misafara haikuzaa hoteli. Wapagazi walipewa posho, yaani mgawo wa chakula au wa nguo na shanga za kununulia chakula, wakajigawa katika makundi madogo na kila kundi likapika chungu chake. Watawala wa Ugogo nao walidai hongo, kodi ya kupita na kutumia maji, kabla ya msafara kuendelea. Msafiri alitembea na jiko lake, na mahali alipopiga kambi ndipo palipokuwa meza yake.

Badiliko kubwa lilikuja na reli. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Saranda, Manyoni na Itigi. Abiria wa treni, tofauti na mpagazi, hakuweza kubeba jiko wala kusubiri ugali uive. Alikuwa na dakika za kusimama kwa treni na sarafu mfukoni, na kutokana na mahitaji hayo stesheni zikawa masoko ya chakula kilichopikwa. Chini ya utawala wa Waingereza, katika miaka ya 1930, lilijengwa tawi kutoka Manyoni hadi Kinyangiri kupitia Singida. Tawi hilo baadaye liling'olewa, na reli ya sasa ya takriban kilometa 115 kati ya Manyoni na Singida ni kazi ya miaka ya baada ya uhuru. Katika kipindi ambacho reli haikuwepo, malori na mabasi yalichukua nafasi yake, na kituo cha basi kikarithi desturi ya stesheni.

Pamoja na reli walifika au kuongezeka wafanyabiashara Waarabu wenye asili ya Oman, Wahindi na Waswahili wa pwani, ambao walinunua ngozi, samli, nafaka na asali, wakauza nguo, chumvi na sukari. Familia za Kihindi za mjini Singida ziliacha alama iliyo wazi katika uchumi wa taifa, kwa kuwa mfanyabiashara Mohammed Dewji, aliyekuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, alizaliwa Ipembe, mjini humo, mwaka 1975. Hoteli za miji ya namna hii zilifuata kawaida za pwani: asubuhi chai ya maziwa yenye tangawizi au iliki, chapati, maandazi, vitumbua na sambusa, mchana wali, pilau, maharage na mchuzi wa nyama. Orodha hiyo ilikuwa ngeni katika nchi ya uwele, kwani ngano na mchele vilitoka mbali, lakini ugeni wenyewe ulikuwa sehemu ya mvuto wake, kwa sababu kula chapati mjini kulimtofautisha mtu aliyetembea na yule aliyebaki nyumbani.

Jambo lililoifanya hoteli iwe ya watu wote lilikuwa nyama yake. Sheria ya Kiislamu hufanana na ya Kiyahudi katika kukataza damu na nguruwe na katika kutaka koo likatwe kwa kisu kikali, ingawa hairefushi makatazo mpaka kwenye maziwa na humruhusu ngamia ambaye Myahudi hamli. Mnyama aliyechinjwa kwa kutajiwa jina la Mungu huitwa halali, na aliyekufa bila kuchinjwa huitwa nyamafu au kibudu. Sura ya tano ya Kurani, Al-Maida, jina linalomaanisha meza iliyoandaliwa chakula, huruhusu pia chakula cha watu waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo. Lakini katika mazoea ya Tanzania tegemeo halikuwekwa kwenye ruhusa hiyo, bali kwenye kumwachia Mwislamu kisu. Sababu yake ni ya kihesabu kuliko ya kitheolojia: Mkristo angeweza kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu bila kuvunja agizo la kanisa lake, wakati Waislamu wengi wasingekula iliyochinjwa na mwingine, kwa hiyo mwenye bucha au hoteli aliyetaka wateja wa pande zote alikuwa na njia moja tu.

Mkoani Singida hesabu hiyo ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa Uislamu ulienea sana miongoni mwa Wanyaturu, huku Walutheri, ambao kazi yao Iramba iliendelezwa na misheni ya Augustana ya Marekani, na Wakatoliki, ambao hospitali yao ya Makiungu inajulikana sana, wakijenga shule, hospitali na makanisa katika vijiji vile vile. Familia nyingi zilipata watu wa dini zaidi ya moja, na ikawa kawaida kwa nyumba ya Kikristo yenye harusi au msiba kumwita jirani Mwislamu achinje, ili shemeji, mjomba au mkwe asiondoke na njaa. Desturi ya nyumbani na ya hoteli zilitiana nguvu: mtu aliyezoea kumwona jirani yake akichinja katika karamu ya nyumbani hakuuliza maswali alipoletewa mchuzi mjini. Nguruwe alitengewa mahali pake. Nyama yake, inayoitwa kitimoto katika lugha ya mitaani, huuzwa kwa kawaida katika baa zenye majiko na vyombo vyao, mbali na hoteli za kawaida, utengano unaofanana na ule wa vyombo vya nyama na vya maziwa katika jiko la kosher.

Maafikiano hayo hayakuandikwa kama mkataba wa dini, na kwa sababu hiyo yamewahi kutikisika. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa jijini Dar es Salaam, na Februari 2013 mgogoro kuhusu nani achinje ulisababisha kifo huko Buseresere, mkoani Geita. Matukio hayo yalithibitisha kwamba uchinjaji ni suala la madaraka pia: anayeshika kisu ndiye anayeamua nani aweze kukaa mezani, na desturi iliyochukuliwa na upande mmoja kuwa ukarimu huweza kuonwa na mwingine kuwa haki yake.

Uchumi nao uliibadilisha hoteli kwa nguvu zaidi kuliko dini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Operesheni Maduka ya mwaka 1976, iliyofunga maduka ya watu binafsi, na uhaba wa miaka iliyofuata Vita vya Kagera, sukari, unga wa ngano na mchele viliadimika, na hoteli yenye leseni iliyotegemea bidhaa hizo ilipungukiwa. Pengo hilo lilizibwa na wanawake waliopika barazani na chini ya miti, ambao wateja waliwaita mama ntilie, kutokana na ombi la mwenye sahani kwamba atiliwe chakula, na ambao baadaye walipewa jina la heshima la mama lishe. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasumbua wengi waliofanya kazi bila leseni, lakini mlo wao ulidumu kwa sababu uliegemea kile kilichopatikana: ugali, maharage, mboga za majani, dagaa. Ndipo chakula cha nyumbani, ambacho hoteli ya zamani haikukipa nafasi kubwa, kilipokaa imara kwenye meza ya kulipia.

Barabara za lami zilizounganisha Singida na Dodoma, Nzega na Babati katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 21 zilikamilisha badiliko hilo. Abiria wa mabasi waliagiza kile ambacho mkoa unakijua vizuri zaidi, kuku wa kienyeji, ambaye hukua akijitafutia chakula uani, huwa na nyama ngumu yenye ladha, na husafirishwa pia kwa matenga mpaka Dar es Salaam. Mafuta ya kumkaangia mara nyingi ni ya alizeti, zao ambalo Singida ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kulilima. Hata hivyo kuku huyo wa kituoni, awe ameandaliwa na mama Mlutheri au Mkatoliki, kwa kawaida huwa amechinjwa na Mwislamu.

Hapo ndipo historia mbili zinapoachana. Delikatesi ya New York ilivihifadhi vyakula vyake na mara nyingi ikaiacha sheria iliyovizaa, kwa sababu watoto wa wahamiaji walitaka ladha ya nyumbani bila vizuizi vya nyumbani. Hoteli ya Singida ilifanya kinyume: iliruhusu orodha ya pwani ibadilike hatua kwa hatua kuwa ya bara, kutoka pilau mpaka ugali na kutoka samli mpaka alizeti, lakini ilihifadhi kanuni ya kisu, kwa kuwa kanuni hiyo haikuwa ya mwenye hoteli peke yake bali ya wote waliotaka kula pamoja. Mwanahistoria anayetaka kujua ni nini kilichozifanya meza hizo ziwe za watu wote hana budi kuanza uchunguzi wake machinjioni.