Ganzi, Kupooza na Fahamu: Maradhi ya Burton Njiani kwenda Ujiji

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji tarehe 14 Februari 1858, Speke alikuwa karibu kipofu, na Burton hawezi mwendo mrefu wa miguu. Wanahistoria huutaja mwambao huo, ambao leo una Katonga, Kigoma na Ujiji, kwa ajili ya ramani na suala la chanzo cha Nile. Maradhi hupitiwa haraka, kana kwamba ni adha za njia tu.

Hata hivyo Burton, aliyekuwa mwepesi wa kuwatukana waliomchukulia mizigo, aliandika udhaifu wake kwa uaminifu mkubwa katika kitabu chake cha mwaka 1860. Januari 1858, katika Unyamwezi, mikono na miguu yake ilianza kuwa mizito na kuwaka kama moto, na misuli ya juu na chini ya magoti ikajikunja. Siku ya kumi alipanda tena punda. Karibu mwaka mzima hakuweza kutembea mbali. Na ganzi ya mikono na miguu ilichelewa zaidi kuondoka.

Kiswahili hakichanganyi mambo hayo mawili. Kilichopooza hakiendi, chenye ganzi chaweza kwenda, lakini mwenyewe hakihisi. Mwaka 1906 Charles Sherrington aliipa jina hisi ya misuli na viungo, ile inayomjulisha mtu mkono wake ulipo hata akifumba macho. Mwaka 1911 Henry Head na Gordon Holmes walieleza kwamba ubongo huweka kielelezo cha mwili na kukirekebisha kwa kila mwendo. Haifuati kwamba ubongo wa Burton uliharibika: ganzi yaweza kutoka katika mishipa ya fahamu iliyo mbali na kichwa.

Lakini kuna habari ya mwaka 1857, kabla ya Unyamwezi, iliyo ngumu zaidi. Wakati wa homa, na saa nyingi baadaye, Burton alijiona kuwa watu wawili wanaopingana. Wasomaji wengi wameiacha kama ndoto za homa. Mwaka 2006 madaktari nchini Uswisi waligusa kwa umeme upande wa kushoto wa ubongo wa mgonjwa mmoja, naye akahisi mtu mwingine nyuma yake, akiiga kila mkao wake.

Kiswahili husema mtu amepoteza fahamu, au fahamu zimemrudia. Burton hakuzipoteza, zilikuwapo, ila zilimpa nafsi mbili katika mwili mmoja, na kwa hali hiyo lugha bado haina neno moja lililozoeleka.