Yadi 300 za Nyasi

Mwaka 1913 Serikali ya Uingereza ilimtuma Afrika Mashariki Profesa William John Simpson, daktari aliyekwisha kuzunguka miji mingi ya himaya yao akiifuata tauni kila ilikotua. Alikuwa amewahi kuwa ofisa afya wa Calcutta. Tauni ilipoingia Cape Town akaitwa, ilipotanda Hong Kong akaitwa, na 1908 akaitwa Accra. Safari hii alipangiwa Kenya ya leo, Uganda na Unguja. Katika ripoti yake alishauri miji yetu igawanywe kwa rangi za watu: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Kisha, kati ya nyumba za Wazungu na za wengine wote, uachwe ukanda mtupu usio na jengo, upana wake usipungue yadi 300, yaani kama mita 275.

Ardhi tupu ndani ya mji haikai tupu. Ukiiacha msimu mmoja utakuta mtu amepanda mahindi, msimu wa pili kuna kibanda cha chai. Ili ukanda ubaki wazi ulihitaji mwenyewe, tena mwenyewe mwenye kiburi cha kumfukuza mpita njia. Ndipo mchezo wa gofu ulipofaa. Nyasi zilikatwa, bendera zikasimamishwa, klabu ikapewa ulinzi wa uwanja, na shauri la daktari likatimia bila ya askari.

Njia hiyo ya Simpson nimeifuata kwa sababu ya mabishano ya 2020, wakati korona ilipofunga dunia na watu wakaulizana kama viwanja vya gofu navyo vifungwe. Uingereza ilivifunga Machi, England ikavifungua 13 Mei. Wimbi la Januari 2021 lilipokuja, England ilivifunga tena huku Scotland ikiacha watu wacheze, ingawa virusi vilikuwa vilevile na nyasi zilezile. Wachezaji walisema mchezo wao unafanyika nje, watu wako mbalimbali, upepo unavuma. Waliowapinga walisema amri ni ya wote, haiwezi kuwa kali kwa anayekaa chumba kimoja na ikawa laini kwa mwenye kadi ya klabu. Nilisoma hoja za pande zote mbili nikaona kuna kitu hakisemwi, walau kwa sisi wa huku. Hapa kwetu baadhi ya viwanja hivi vilitengwa kwa jina la ugonjwa.

Kampala ndipo jambo hili linapoonekana kwa macho bila kusaidiwa na kitabu. Ukitoka Jumba la Makumbusho la Uganda ukashuka kuelekea Kitante, bonde linafunguka mbele yako: kulia mlima wa Nakasero, kushoto Kololo, katikati mashimo 18 na kijito kinachopita. Klabu ya gofu ilianzishwa 1908, kabla Simpson hajafika. Nakasero ulikuwa mlima wa Wazungu. Mji ulipopanuliwa baada ya mpango wa A. E. Mirams wa 1930, Kololo ikajaa nyumba za Wahindi, na bonde la gofu likabaki kati yao. Waganda wengi walikuwa upande mwingine kabisa, kwenye Kibuga, chini ya serikali ya Kabaka huko Mengo. Ukipita leo Barabara ya Yusuf Lule utaona kipande cha bonde kimeshaliwa na maduka makubwa ya Garden City na hoteli iliyo jirani. Sehemu iliyobaki ni ya kijani kizuri mno, na waendao kwa miguu huitazama kutoka ukingo wa barabara.

Sababu ya kitabibu ilikuwa mbu. Ronald Ross alikuwa amegundua 1897 kwamba malaria hupita kwa mbu, na miaka michache baadaye watafiti wawili wa Kiingereza, Stephens na Christophers, walipima damu za watoto wa Afrika Magharibi wakakuta vijidudu vya malaria kwa wingi. Wangeweza kushauri watoto hao watibiwe. Kwinini ilikuwapo. Walishauri Wazungu wahamie mbali na watoto hao. Simpson alilibeba wazo hilohilo, akaliongezea tauni na ndui, akaliita usafi wa mji. Lakini mbu wa malaria huruka zaidi ya yadi 300. Na hata asingeruka, mpishi, yaya na mtunza bustani walikuwa wakilala nyuma ya nyumba hizohizo, katika vyumba vya watumishi ndani ya ua. Ukanda haukuwahi kuwatenga watu ambao Mzungu aliwahitaji asubuhi.

Entebbe, kando ya ziwa, historia ni ya uchungu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale iliua zaidi ya watu 200,000 katika Buganda, Busoga na visiwani. Kuanzia 1906 Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wa mwambao wahamishwe mbali na maji, na baadaye visiwa vikahamishwa pia, wavuvi wakaacha mitumbwi, migomba na makaburi ya wazee wao. Kisayansi amri ile ilikuwa na msingi, maana mbung'o wanaoeneza malale hukaa kwenye vichaka vya ufukweni, na vifo vilipungua. Sibishi hilo. Ila mji wa serikali haukuhama. Entebbe vichaka vilifyekwa, bustani ya mimea ikatunzwa, na gofu ikachezwa kwenye mteremko unaotazama ziwa lilelile ambalo wenyeji walikatazwa kulikaribia. Dawa zilikuwa mbili: kufyeka na kuhama. Aliyepewa ya kufyeka alibaki kwake.

Nairobi ilikuwa na tauni 1902, na jibu la maofisa likawa kuuchoma moto mtaa wa biashara wa Wahindi. Miaka minne baadaye, 1906, ilianzishwa klabu ya gofu ambayo leo ni Royal Nairobi. Yeyote aliyepita Barabara ya Ngong anajua kilicho kando ya kiwanja hicho: Kibera. Watu wa kwanza kuweka maskani Kibera walikuwa askari Wanubi waliomtumikia Mwingereza, wakapewa ruhusa ya kukaa bila hati ya kumiliki. Picha ya mpigapicha Johnny Miller, iliyopigwa kutoka angani, imesambaa duniani kote: upande mmoja mabati yaliyobanana hadi hakuna upenyo, upande mwingine nyasi zilizochanwa, na kati yao uzio.

Sasa iweke picha hiyo Aprili 2020. Kafyu ilikuwa imeanza 27 Machi, na kutoka 6 Aprili Nairobi haikuingilika wala haikutokeka. Watu waliambiwa wakae mbalimbali, mita moja na zaidi, watu ambao choo kimoja wanakitumia kaya nyingi na mlango wa jirani unagusa wao. Tarehe 10 Aprili chakula cha msaada kiligawiwa Kibera, umati ukasukumana, watu wakaumia na polisi wakapiga mabomu ya machozi. Mahali pekee penye nafasi ya kupanga foleni ya mita mbilimbili palikuwa ng'ambo ya uzio.

Watawala walikuwa wametangulia kuugusa mchezo wenyewe. Mashindano ya Kenya Open ya Machi 2020 pale Karen yaliahirishwa hata kabla mgonjwa wa kwanza hajatangazwa nchini. Yakafanyika Machi 2021, yakifuatiwa papo hapo na mashindano mengine ya kimataifa uwanjani humo. Siku haya ya pili yalipomalizika, 26 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuzifunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na michezo ikasimamishwa. Uganda ilikwenda mbali zaidi: Aprili 2020 Rais Museveni alikataza mazoezi ya nje, kisha akatoa video akikimbia na kupiga pushapu ofisini kwake. Ofisi ile ilikuwa na zulia na nafasi ya kuzunguka. Chumba cha Katanga, kile kitongoji kilichobanana kati ya Makerere na Mulago, hakina.

Mfano ulionishtua kuliko yote uko Kinshasa. Wabelgiji nao walikata ukanda kati ya mji mweupe na mitaa ya Waafrika, wakauita eneo la kati, na ndani yake wakaweka bustani ya wanyama, bustani ya mimea na uwanja wa gofu. Mji mweupe ule leo ndio mtaa wa Gombe, penye wizara, balozi na mabenki. Korona ilipoingia, serikali haikuufunga mji wote wa Kinshasa. Tarehe 6 Aprili 2020 iliufunga Gombe peke yake, ikaweka vizuizi mipakani mwake hadi mwishoni mwa Juni. Sababu ya kitabibu ilikuwapo, maana wagonjwa wa mwanzo wengi walipatikana huko. Ila mchuuzi aliyezuiwa na askari asubuhi ile alisimama karibu kabisa na mstari ambao babu yake aliusimamia akiwa na kibali mkononi. Kwa upande wa Waingereza, sera ya kutenga makazi ya mijini iliachwa kwa maandishi 1923, katika Waraka Mweupe wa Devonshire. Nyasi hazikusoma waraka huo.

Huko Unguja ndiko nilikopata faraja. Simpson alifika, akaukuta mji ambao Mwarabu, Mhindi, Mswahili na Mzungu walipakana ukuta kwa ukuta, na mipango ya kuwatenga haikushika kama bara. Mnazi Mmoja nayo ilikuwa na gofu ya Waingereza, pembeni mwa Mji Mkongwe. Gofu imeondoka. Vijana wanacheza mpira, na Idi ikiingia watoto hujaa hapo na nguo mpya, na karanga, na bembea. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam iliachwa wazi makusudi miaka ya 1920 kutenganisha Uhindini na Kariakoo, nayo ni bustani ya mji. Ardhi iliyotengwa kwa hofu inaweza kurudi kwa watu, na nyasi zikaendelea kuota.

Kwa hiyo viwanja vifungwe au visifungwe? Kwa mchezo, wakati wa kufungiwa, sioni shida vikifungwa wiki kadhaa, mradi hasara wasibebeshwe wale wabeba fimbo, ambao hawana mshahara na hulipwa na mchezaji kwa kila raundi. Uwanja ukifungwa leo, wao jioni hawali. Klabu zenye ada kubwa za uanachama ziwalipe siku za kufungiwa kama zinavyowalipa wakata nyasi, ambao lazima waendelee kufika, kwani nyasi hazijui kafyu. Ardhi yenyewe, hapo ndipo nasema hapana. Kadiri miezi ya korona ilivyosonga, ilidhihirika kwamba hatari kubwa ni chumba kisichopitisha hewa. Mji unaowaambia watu wake wasongamane ndani huku ukifunga ekari za hewa safi hautumii elimu hiyo. Unatumia yadi 300.

Nimeyasikia majibu. Nyasi zitakanyagwa, wezi wataingia, watu watajenga. Hofu ya mwisho ina ukweli, maana miji yetu imemeza bustani nyingi, na pengine bonde la Kitante lisingekuwapo leo bila klabu. Nawashukuru kwa kulitunza. Lakini sheria za afya ya jamii tayari zinampa waziri uwezo wa kumfungia mtu nyumbani kwake, kumzuia asimzike ndugu yake kwa desturi, kumfungia duka. Uwezo wa kufungua lango si mkubwa kuliko huo. Kanuni ziandikwe sasa, wakati hakuna dharura: viwanja vya gofu vya mijini, ugonjwa ukitangazwa, vifunguliwe kwa watembea kwa miguu kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, kwa njia zilizowekewa kamba pembeni mwa nyasi laini za kupigia, na halmashauri ilipe walinzi na marekebisho. Mahema ya chanjo na ya kugawia chakula yawekwe humo pia. Royal Nairobi ianze kwa lango la upande wa Kibera, na Kampala kwa njia ya miguu itakayofuata kijito cha Kitante kutoka Kiira Road hadi Garden City.