Hatari! (filamu ya 1962)

Hatari! ni filamu ya Marekani iliyochanganya matukio ya kusisimua, vichekesho na mapenzi. Iliongozwa na Howard Hawks na kupigwa picha Tanganyika, hasa maeneo ya Arusha na Momella, kaskazini mwa nchi. Picha zilianza kuchukuliwa mwishoni mwa 1960. Ilipotoka, nchi ilikuwa imeshapata uhuru.

Kikosi cha Sean Mercer (John Wayne) kinakamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama. Mhusika aitwaye Indian anajeruhiwa na faru. Hospitalini, dereva Kurt (Hardy Krüger) anampiga ngumi Chips (Gérard Blain), aliyekuja kuomba kazi ya majeruhi. Kumbe Chips ndiye mwenye kundi la damu linalohitajika, naye anakubali kuitoa. Baadaye anarudisha ngumi ile, na hapo wanakuwa marafiki wa chanda na pete. Wote wawili wanamwania msichana aitwaye Brandy, lakini moyo wake unaangukia kwa Pockets, mchekeshaji wa kundi. Mpiga picha Dallas (Elsa Martinelli) anampenda Sean huku akilea ndama watatu wa tembo.

Uzito wa filamu uko kwenye misako. Waigizaji wenyewe walifukuza wanyama wa porini, Wayne akiwa ameketi mbele ya gari na ufito wenye kitanzi mkononi. Muziki ni wa Henry Mancini. Dosari kubwa ya filamu ni kwamba Watanganyika wamebaki kuwa wasaidizi tu, bila hadithi yao.