Chokaa, Majivu na Kuta za Pwani

Madale, pembezoni mwa Kinondoni jijini Dar es Salaam, iko karibu na sehemu mbili zinazobeba historia ndefu ya ujenzi wa pwani: magofu ya Kunduchi, yenye msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na kilima cha Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1966 kwa kuchimba mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale.

Mafundi wa zamani walirundika matumbawe juu ya matabaka ya magogo na kuyachoma, kwa kuwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi huliondolea jiwe gesi ya kabonidioksidi. Kisha mawe yaliyoiva yalizimwa kwa maji hadi yakawa uji mzito, ambao waashi waliuchanganya na mchanga, na huko Unguja na udongo mwekundu pia. Mchanganyiko huo hugeuka jiwe kwa kufyonza tena gesi hiyo kutoka hewani, kazi inayochukua miezi, na pengine miaka. Ndiyo maana saruji, ambayo hushika ndani ya saa chache, iliusukuma kando.

Udhaifu huo, hata hivyo, ulikuwa na dawa tangu kale. Warumi walitia majivu ya volkano au vigae vilivyosagwa, na waashi wa India walitia unga wa matofali ya kuchoma, kwa sababu vitu hivyo, viitwavyo pozolana, vina silika ambayo ikikutana na chokaa na maji huunda gundi ngumu inayoshika hata penye unyevu. Vigae vilivyovunjika vilikuwa taka za wafinyanzi. Kwa hiyo wazo la kutumia taka za viwanda katika chokaa lina mizizi mirefu kuliko linavyodhaniwa.

Nchini Tanzania malighafi ya namna hiyo ipo: majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa, na ya pumba za mpunga zinazotumika kuchomea matofali. Ubora wake hutegemea moto, kwani pumba zikichomwa kwa joto kali mno silika hujipanga kuwa fuwele na kupoteza nguvu ya kuungana na chokaa, na zisipoungua vizuri hubaki na mkaa unaonyonya maji na kuutia ukuta weusi. Manufaa makubwa zaidi ya majivu hayo yako katika ukarabati wa majengo kama ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako lipu ya saruji huzuia unyevu kutoka na chumvi hujikusanya nyuma yake, ikimung'unya matumbawe, ilhali chokaa iliyotiwa majivu kwa kiasi huacha ukuta upumue.