Sloti
Sloti ni neno lenye asili ya Kiingereza. Maana yake ya kwanza ni mwanya mwembamba wa kuingizia kitu, kama ule wa laini katika simu. Katika usafiri wa anga ni muda uliotengwa kwa ndege kutua au kuruka kwenye uwanja wenye msongamano, kama Heathrow, London.

Katika kamari, mashine ya sloti ilipata jina kutokana na mwanya wa kutumbukizia sarafu. Mwishoni mwa karne ya 19 Charles Fey wa San Francisco, Marekani, alitengeneza Liberty Bell, yenye magurudumu matatu. Siku hizi matokeo huchaguliwa na programu ya namba nasibu, na mashine hupangwa irudishe pungufu ya kinachoingizwa. Kila mzunguko hujitegemea: mashine iliyokula fedha tangu asubuhi haijakaribia kulipa, ingawa wachezaji wengi huamini hivyo.