Tafuta Shina, Usitafute Neno

Ukiiagiza kompyuta itafute "chimba" katika habari za Segese, Kahama, itakuletea wachimbaji na uchimbaji. "Machimbo" itayaacha, maana irabu ya mwisho imebadilika.

Wazee wa kamusi walilijua hilo. Ile ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939, ilikusanya maneno chini ya mashina yao. Mwaka 1968 Mmarekani Ken Thompson alichapisha njia ya kompyuta kutafuta kwa umbo: "chimb", kisha herufi yoyote. Mwaka 1985 Arvi Hurskainen, wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akaanza kuifundisha mashine sarufi ya Kiswahili.

Nasema: anayetafuta haki ya mchimbaji mdogo majaladani kwa neno moja tu, ataacha mengi ardhini.