Kumgeuza Mgonjwa Kitandani: Habari za Kale na za Sasa

Baada ya hesabu za fedha na majina ya ndugu zetu waliofariki, kamati imeona vema kutia katika kitabu hiki habari ya jambo moja ambalo wajumbe wetu wa kuzuru wagonjwa hukutana nalo kila mara, nalo ni vidonda vya kitanda. Mtu mzima aliyevunjika nyonga, au aliyepooza, au aliyepasuliwa akakosa nguvu, hulala chali siku nyingi. Kisha jamaa zake huona ngozi ya kifandugu au ya kisigino imebadilika rangi, nao husema kwamba ugonjwa umezidi. Neno hilo tumelisikia katika nyumba nyingi. Wala si neno la wasiosoma peke yao, maana hata waganga wakubwa wa Ulaya walipata kuliamini.

Sababu yenyewe ni rahisi kueleza. Mfupa huikandamiza ngozi juu ya godoro, damu isipite, na nyama isiyopata damu huweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Mtu mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Asiyeweza kujigeuza, au asiyesikia maumivu, hubaki pale pale alipolazwa. Mkojo na jasho huidhoofisha ngozi zaidi.

Mwaka 1853 mtaalamu Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Mauritius katika Bahari yetu hii ya Hindi, alieleza habari za simbilisi waliokatwa uti wa mgongo: wakikingwa wasikandamizwe, na wakiwekwa safi, hawakupata vidonda. Mwaka 1859 Florence Nightingale, aliyekuwa amewauguza askari wa Uingereza huko Scutari wakati wa vita vya Crimea, aliandika kwamba kidonda cha namna hii kwa kawaida ni kosa la uuguzi, si kosa la ugonjwa. Lakini katika miaka ya 1870 Charcot wa Paris, mganga mashuhuri wa mishipa ya fahamu, alifundisha kwamba vidonda hivi hutokana na ubongo au uti ulioharibika, na kwamba vikitokea upesi ni dalili ya kifo. Jina lake lilikuwa kubwa, na twaona kuwa fundisho hilo lilileta hasara nyingi: ikiwa kidonda ni cha lazima, nani atajisumbua kuamka usiku?

Hasara hiyo ilionekana wazi katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Askari aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa mfu. Wengi walikufa kwa vidonda na kwa maradhi ya njia ya mkojo, wala si kwa risasi yenyewe.

Aliyeigeuza habari hii ni Ludwig Guttmann, mganga Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939. Tarehe 1 Februari, 1944, alipewa wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, awatunze askari waliopooza. Dawa yake haikuwa na siri yoyote. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ubavu huu, kisha ubavu ule, na mito iwekwe ili mifupa isisagane. Kazi hiyo ilihitaji watu kadhaa kwa mgonjwa mmoja, nayo iliwachosha. Mganga mwenyewe alikuwa akiingia wodini usiku kuhakikisha kwamba imetendeka. Watu waliohesabiwa kuwa wafu wakaanza kuketi, kisha wakafanya kazi. Tarehe 29 Julai, 1948, kumi na sita miongoni mwao, wanaume kwa wanawake, walishindana kupiga mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Michezo ya Paralimpiki ilianzia hapo.

Kwa wazee ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1962 muuguzi Doreen Norton na wenzake wawili walichapisha utafiti walioufanya hospitalini London. Desturi ya wauguzi ilikuwa kuisugua ngozi kwa spiriti, sabuni na mafuta ya kila namna. Walipozijaribu dawa hizo hawakuona faida yake. Waliogeuzwa kwa saa maalumu ndio waliopata vidonda vichache. Akaacha pia kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hata 4, na mwenye jumla ya 14 au chini yake yumo hatarini.

Hapa Nairobi hospitali ya Waafrika ilianza mwaka 1901 kwa vitanda 40. Ndiyo iliyoitwa King George VI mwaka 1952, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Tangu siku zile hata sasa muuguzi mmoja wa usiku huwa na wagonjwa wengi kuliko mikono yake. Hatumlaumu. Lakini saa mbili ni saa mbili, na mgonjwa akirudi nyumbani kazi hiyo huwa ya jamaa zake.

Basi wajumbe wetu wameagizwa watazame visigino, nyonga na kifandugu kila wanapomzuru mgonjwa. Katika ngozi yetu nyeusi wasingoje wekundu. Waguse, maana mahali palipoanza kuumia huwa pa moto au pagumu kuliko kando yake. Wasipasugue. Na mwanachama mwenye mgonjwa asiyeweza kujigeuza amwarifu mwandishi wa chama, ili watu wawili wapangwe kwa zamu za usiku, hasa nyumba ambayo mke au binti amebaki peke yake na mzigo huo.